Nilivyokuwa Masikio ya Mzee Kasimu

Wiki tatu zimepita tangu nilipokabidhi funguo za kabati la vifaa. Siku ile vijana wa karakana mliniomba kitu kimoja tu: "Fundi Tausi, tuandikie namna ya kuweka kabureta sawa, maana ukiondoka tutamwuliza nani?" Nikaahidi. Nimekaa hapa nyumbani Katubuka na daftari la kurasa mia, nikaanza kuandika hatua kwa hatua. Nimeanza mara nne. Kila nikifika mahali pa kusikiliza injini, kalamu inasimama. Mahali hapo pana habari yake, na nikiwapa hatua bila habari nitakuwa nimewapa nusu ya kazi. Kwa hiyo naandika yote. Habari za vyeo mtazikuta kwenye faili langu, kama panya hawajalimaliza.

Sikuajiriwa kuwa fundi. Niliajiriwa kuwa mhudumu: kufagia, kuchemsha chai ya saa nne, na kufuta vumbi kwenye meza ya Mkuu wa karakana. Karakana ilikuwa pale pale mnapoijua, kando ya ziwa, upande wa kwenda Kibirizi, ila zamani paa lilikuwa zima. Tulikuwa na boti tatu za huduma. Iliyotuumiza vichwa zaidi ni boti ya wagonjwa, iliyokuwa ikipanda kaskazini kwenye vijiji visivyo na barabara, mpaka Kagunga mpakani. Injini zake zilikuwa ndogo, za kufungwa nyuma ya boti, zile za kuchanganya petroli na oili kwenye tangi moja.

Siku yangu ya kwanza nilitaka waone kwamba nina bidii. Juu ya meza ya kazi nikakuta kikombe kilichovunjika mkono, ndani kina maji machafu yananuka petroli. Nikatoka nikayamwaga mchangani, nikakisugua kikombe kwa majivu mpaka kikang'aa.

Mzee Kasimu, fundi mkuu, aliporudi kutoka kuswali alikitazama kikombe kwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa Ujiji, mwembamba, kofia yake ya kiua haikuwahi kupata doa la grisi, jambo ambalo mpaka leo sijui aliliwezaje.

"Binti, vilivyokuwemo humu viko wapi?"

"Uchafu nimeumwaga, Mzee."

"Uchafu ule ulikuwa jeti tatu za kabureta. Umemwaga wapi?"

Hakupandisha sauti. Alinipa chujio langu mwenyewe la chai, akanionyesha mchanga, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa kunitazama. Nilichekecha mpaka alasiri. Jeti ni kipande cha shaba kidogo kuliko punje ya mahindi, katikati kina tundu ambalo hata uzi wa kushonea hupita kwa taabu. Petroli yote inayolisha injini hupita kwenye tundu hilo. Nilipoipata ya tatu nilikuwa nalia, na chai ya saa nne hakuna aliyekunywa.

"Macho yako mazima?" akaniuliza.

"Mazima, Mzee."

"Haya, nisomee namba zilizopigwa hapo ubavuni. Mimi nimeanza kuhitaji miwani."

Nikazisoma. Kuanzia siku hiyo, kila alipofungua kabureta aliniita nimsomee namba. Kisha akaniita nimshikie taa. Kisha nisafishe. Mwaka wa tatu nilikuwa nafungua na kufunga kabureta mwenyewe, bado naitwa mhudumu, bado nachemsha chai. Wanaume wa karakana walicheka mwanzoni. Baadaye walizoea, na waliozoea mapema ndio waliopata chai ya moto.

Sasa nawapa alichonifundisha, kama alivyonifundisha.

Kabureta ni mahali ambapo hewa na petroli hukutana kabla ya kuingia kwenye injini. Hewa ikizidi, injini ina njaa. Petroli ikizidi, injini imeshiba mno, inatoa moshi na kulowesha plagi. Kazi yako ni kutafuta katikati. Kabla ya kugusa skrubu yoyote hakikisha kabureta ni safi, mafuta hayana maji, na plagi ni nzima, kwa sababu nusu ya kabureta zinazoletwa "zirekebishwe" hazina kosa lolote. Jeti ikiziba usiichokonoe kwa waya wa chuma. Ilowekwe, ipulizwe. Ukichokonoa unapanua tundu, na namba iliyoandikwa ubavuni inakuwa uongo.

Injini ikiwa imezimwa, ile skrubu ndogo ya pembeni ifunge taratibu mpaka iguse chini. Iguse tu. Ukiikaza ncha yake inaumia na hutaipata sawa tena maisha. Halafu ifungue mzunguko mmoja na nusu. Washa, iache ipate moto dakika tano kwenye pipa la maji, au bora zaidi boti ikiwa ziwani imefungwa kamba. Sasa ikae sailensa, mwendo wake wa chini kabisa, na uanze kuifunga ile skrubu kidogo kidogo, ukingoja kila mara, maana injini huchelewa kujibu. Itachangamka, kisha itaanza kupiga chafya kupitia kabureta. Hapo hewa imezidi. Rudi nyuma. Itatulia. Endelea kufungua, itaanza kunguruma kwa kusitasita kama mtu anayepandisha mlima na gunia la chumvi. Hapo petroli imezidi. Sawa iko kati ya hapo na hapo. Ukiipata, isogeze kidogo tu upande wa petroli. "Iache na shibe kidogo," Mzee alikuwa akisema, "ziwa si mahali pa kufa njaa." Mwisho tia gia uone kama inashika kazi bila kuzima.

Lakini skrubu hiyo inatawala mwendo mdogo tu. Boti ikikimbia mwenye amri ni jeti kubwa, na jeti haina pa kuzungusha. Ina tundu na namba, basi. Ikiwa ndogo kuliko inavyotakiwa, injini itakimbia vizuri sana, hata kwa wepesi kuliko kawaida, huku inajiunguza ndani. Dalili yake ni mlio. Unakuwa mkavu, unapanda juu, na ndani yake kuna kitu kama kokoto zinazotikiswa kwenye kopo. Mzee Kasimu alikuwa akivua viatu, anasimama boti ikiwa inakimbia, anafumba macho, halafu anasema, "Rudi. Ina kokoto." Wavuvi wa Kibirizi walikuwa wakimwita kwenye mashine zao hata siku ya Ijumaa. Sifa ya masikio yake ilifika Burundi.

Mwaka wangu wa nane Mzee alianza kuniuliza tukiwa kazini, "Unasikiaje hapo?" Nikafurahi. Nilidhani ananipima, kwamba ameniona nimeiva. Nikawa najibu kwa madaha: "Imezidi petroli, Mzee. Hapo sasa. Robo nyuma." Naye anazungusha bisibisi kama nilivyosema.

Ilinichukua miezi kutambua. Alianza kumgeukia kila mtu kwa upande wa kulia. Ukimwita kutoka nyuma hageuki. Ukimuuliza kama atakunywa chai, anakwambia plagi ziko kwenye droo. Siku moja tulikuwa peke yetu kwenye pipa, injini inapiga chafya hata kipofu angeiona. Akaniuliza, "Unasikiaje?" Sijui ni shetani gani aliyeniingia. Nikasema, "Iko safi, Mzee."

"Vizuri. Zima tufunge."

Nikazima. Nikaenda mbele yake ili anione mdomo.

"Mzee, ilikuwa inapiga chafya."

Aliweka bisibisi chini. Akachukua kitambaa akafuta vidole kimoja kimoja, ingawa havikuwa vichafu.

"Umejua tangu lini?"

"Leo ndiyo nimejua."

"Milio mizito naipata," akasema. "Myembamba inanipotea. Ile ya kokoto ndiyo iliyotangulia kuondoka. Nikienda kusema wataniweka stoo, nihesabu mafyagio. Nimefanya kazi hii tangu sijaoa."

Mlipo mnaweza kuona jibu lilipaswa kuwa nini. Mimi nilisema, "Basi mimi nitasikiliza, wewe ufanye." Tukapatana. Nikigonga meza mara moja, afunge. Mara mbili, afungue. Nikiweka kiganja, hapo hapo. Kwenye boti nilikaa nyuma yake na kumgusa bega. Kwa miaka miwili hakuna aliyejua, na injini zilitengenezeka kama kawaida. Nilijiambia namfichia mzee wangu aibu. Ilikuwa kweli, lakini si yote. Bila mimi asingeweza, na mimi niliyeandikwa mhudumu nilipenda kujua hivyo.

Kisha mama yangu alifariki, kule Ilagala, nikapewa ruhusa ya siku kumi.

Wakati sipo Mkuu wa karakana alipata maneno kutoka juu kwamba boti ya wagonjwa inakunywa mafuta kupita kiasi. Akamfuata Mzee Kasimu mezani na kumwambia apunguze. Ingekuwa nipo tungemwambia tujaribu kwanza. Mzee, peke yake, na Mkuu amesimama ubavuni anangoja, alichukua jeti ya injini ndogo zaidi, akaifunga kwenye ile ya boti. Walikwenda nayo mpaka karibu na bandari na kurudi. Ilikimbia kwa wepesi. Mkuu akafurahi. Mzee alivua viatu, akafumba macho kama siku zote, na hakusikia kitu.

Siku ya tatu boti iliitwa Kagunga. Kulikuwa na msichana mmoja, Yustina, mimba yake ya kwanza, uchungu umemshika tangu jana yake na mtoto hashuki. Nahodha alikuwa Nestori, naye mzaliwa wa Kagunga. Muuguzi alikuwa Sista Pelagia. Walimpakia asubuhi, jua limeshatoka, ziwa limetulia. Nestori alivuta mafuta yote, mwendo wa juu kabisa, kwa sababu mgonjwa alikuwa na hali mbaya. Walipopita kijiji cha Zashe injini ilipiga kelele moja na kukamata. Kamba ya kuwashia haikuvutika tena.

Walipiga makasia. Baadaye boti ya wavuvi iliwakuta ikawavuta, nayo ilikuwa na injini yake dhaifu na mzigo wa samaki. Walifika hospitali alasiri. Yustina alipasuliwa, akapona. Mtoto, wa kiume, alitolewa amekufa. Sista Pelagia aliniambia baadaye kwamba hakuna awezaye kuapa kwamba wangefika mapema mtoto angekuwa hai. Aliniambia hivyo mara mbili, nami namshukuru, lakini mara zote mbili alikuwa anatazama pembeni.

Niliporudi kutoka msibani niliikuta injini juu ya meza na Nestori amesimamishwa kazi. Karatasi ilisema nahodha alisahau kuchanganya oili. Kila mtu aliikubali, kwa sababu injini ya namna hii ikikosa oili hukamata hivyo hivyo. Nestori nilimkuta nje ya geti, amekaa juu ya jiwe. Alikuwa mtu wa kusalimia kwa sauti, "Mwakeye!" mpaka ng'ambo ya barabara. Siku hiyo hakusalimia.

"Niliweka oili, dada Tausi," alisema. "Niliipima kwa kopo kama siku zote. Kijijini wanasema nimeua mtoto wa kwetu kwa uzembe."

Tangi lilikuwa bado lina mafuta ya safari ile. Nikachukua karatasi nyeupe ya daftari, nikadondosha matone matatu, nikaiweka juani. Hili mlishike, litawasaidia. Petroli hukauka ikaondoka. Oili haiondoki. Petroli tupu ingeacha karatasi kavu. Karatasi yangu ilibaki na madoa matatu ya mafuta, unaweza kuona vidole vyako kupitia madoa hayo ukiishika kwenye mwanga. Nikafungua plagi. Ilikuwa nyeupe kama chaki, na kwenye ncha yake kulikuwa na chembe za aluminiamu iliyoyeyuka kutoka kwenye pistoni. Plagi ya injini iliyoshiba vizuri huwa na rangi ya chai ya maziwa. Nyeupe ni njaa. Nikafungua kabureta, nikatoa jeti, nikasoma namba.

Mzee Kasimu alikuwa amesimama mlangoni ananitazama. Sijui alikuwapo tangu lini.

"Jeti hii umeiweka wewe?" nikamuuliza, nikimwelekezea uso.

"Niliisikiliza. Ilikuwa sawa."

"Uliisikia, Mzee?"

Alivuta ndoo akaketi. "Mkuu alikuwa hapa," alisema. "Angeniuliza kwa nini nangoja mhudumu arudi. Ningesema nini?"

"Nestori amesimamishwa kazi."

"Najua."

"Kesho asubuhi nakwenda kwa Mkuu. Nitasema na la kwangu."

"La kwako lipi?"

"Miaka miwili, Mzee. Meza na bega."

Alinitazama kama ananihurumia, na hilo liliniuma kuliko angenigombeza. Usiku ule sikuhitaji mtu wa kuniambia kwamba namwangusha mtu aliyenifundisha kazi. Nililijua. Nilikuwa najua pia kwamba kama siku ile kwenye pipa ningesema kwa sauti, boti ingefika Kigoma kabla ya adhuhuri.

Mkuu alinisikiliza nimesimama. Nilimwekea mezani karatasi, plagi na jeti. Nikamweleza makubaliano yetu, yote. Alichezea plagi kidogo, akageukia dirishani.

"Tausi, wewe ni mtu wa chai," alisema. "Masikio ya Mzee Kasimu ziwa zima linayajua. Unataka nimwandikie nani kwamba fundi wangu ni kiziwi? Mwiteni."

Alipoingia, Mkuu alikuwa bado anatazama nje. Akasema huku amempa mgongo, "Mzee, huyu binti anadai husikii. Ni kweli?" Mzee alisimama anangoja aanze kuongea. Ilikuwa tayari imetosha, lakini Mkuu hakuona, kwa kuwa alikuwa anatazama ziwa. Ilibidi nimgeukie Mzee nirudie swali.

Akavua kofia. Sikuwahi kumwona bila kofia. Akatembea mpaka kwenye ukuta wenye kalenda, akausogelea mpaka pua inakaribia kuugusa.

"Niite," alisema. "Niite jina langu kama unavyoniita kila siku."

Mkuu akageuka. "Mzee Kasimu."

Kimya.

"Mzee Kasimu!"

Mara ya tatu alipaza sauti mpaka mafundi wakaacha kazi na kuja mlangoni. Mzee alikuwa amesimama vile vile, mikono imeshuka, anangoja kuitwa. Kisha akauliza ukutani, "Umeshaniita?"

Mkuu aliketi. Hakuna aliyecheka, na karakana yetu ilikuwa na watu wa kucheka kwa jambo dogo.

Nestori alirudishwa kazini kabla ya wiki kuisha. Mzee Kasimu alipelekwa stoo, akahesabu mafyagio kama alivyotabiri, miaka mitatu mpaka kustaafu kwake. Mimi nilipewa barua ya onyo, na baada ya miezi miwili, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kugusa kabureta, nikapewa barua ya kuwa fundi msaidizi. Barua zote mbili zilisainiwa na mkono mmoja. Agizo la kupunguza mafuta halikuwahi kuandikwa popote, kwa hiyo halikuwahi kutokea.

Miaka ile ya stoo ndiyo Mzee alinifundisha zaidi. Aliniambia, "Masikio ni mali ya kuazimwa. Jifunze bila hayo." Kila injini niliyoitengeneza nilimpelekea plagi dirishani, naye anaisoma kama barua. Alinifundisha kuweka ncha za vidole juu ya kifuniko na kuhisi mtetemo ukibadilika, kutazama moshi, kutazama mapovu nyuma ya boti. Alinifundisha kuendesha mwendo wa juu, kuzima ghafla, na kutoa plagi hapo hapo kabla haijadanganya rangi. Ndiyo maana nyinyi nimewachosha kwa plagi. Mliokuwa mnanung'unika sasa mmejua.

Baada ya hapo ilikuwa kazi tu, miaka ishirini na sita. Nimetoa nyigu kwenye tundu la hewa la tangi, kwenye injini iliyowashinda mafundi watatu wa Mwanga. Nimekuta kabureta imefungwa kwa sabuni ya kufulia. Mfanyabiashara mmoja alinibishia nusu siku kwamba mafuta yake hayana maji, nikayamimina kwenye chupa, tukayatazama pamoja yakijitenga, akasema chupa ilikuwa na maji. Mzee Kasimu alifariki nyumbani kwake Ujiji, nikaenda kuzika na mafundi wote. Mwaka mmoja kabla sijaondoka zikaja injini zisizo na kabureta. Zina kompyuta. Nilizisikiliza, ziko sawa, hazina la kuniambia.

Kagunga nilikwenda mara nyingi miaka hiyo, kutengeneza mashine ufukweni. Yustina nilimfahamu. Yeye na mume wake wa tangu siku zile wako pamoja mpaka leo, na walipata watoto wengine wanne. Huanika dagaa kwenye chanja karibu na mahali boti zinapotia nanga, na kila aliponiona alinipa salamu, mara nyingine dagaa kwenye mfuko wa kwenda nao. Nestori aliporudishwa kazini, familia iliambiwa na ofisi kwamba injini iliharibika yenyewe. Hakuna zaidi. Nestori nilimwuliza zamani kama aliwaeleza. Akaniambia, "Mimi nilirudishwa kazini, langu likaisha. La Yustina si langu kulisema." Nikaelewa ni la nani. Nikaendelea kupokea dagaa.

Wiki iliyopita nilipanda boti ya abiria kwenda Kagunga. Sikuwa na kisanduku cha vifaa, na mikono ilinisumbua haina pa kukaa. Nilimkuta chanjani anageuza dagaa.

"Fundi! Leo mashine ya nani?"

"Leo hakuna mashine. Nimestaafu. Nimekuja kwako."

Nikamweleza nimesimama, yeye anaendelea kugeuza. Nikamweleza jeti ilikuwa nini, Mzee Kasimu alikuwa nani, na masikio yake, na kwamba mimi nilijua miaka miwili nikanyamaza. Sikumwambia kuhusu Mkuu na agizo mpaka aliponiuliza kwa nini Mzee aliibadilisha. Nilipofika kwenye habari ya mtoto mikono yake ilisimama.

Kisha akasema, "Uchungu ulianza jioni ile. Mama mkwe akasema tuite boti hapo hapo. Mimi nikasema tungoje kwanza niondoe dagaa, mvua itawaharibu. Usiku ukatukuta, tukaita kulipokucha." Alifuta mikono kwenye kanga. "Miaka yote hii nimejua ni wale dagaa."

Akaokota dagaa mmoja aliyeanguka, akamrudisha chanjani.

"Ulikuwa unapita hapa," akasema. "Unapita, nakusalimia, nakufungia dagaa. Ungeweza kuniambia."

"Ningeweza."

"Ego," akasema. Kwa lugha ya kwao maana yake ni "ndiyo". Hakulia, wala hakunifukuza, wala hakusema amenisamehe, na mimi sikumwomba. Aligeuza mstari mmoja wa dagaa, kisha wa pili.

"Mume wangu yuko ziwani mpaka kesho," akasema. "Naye amenyamaza na la kwake. Nafikiri ananilaumu, ila hajasema. Mimi siwezi kumweleza mambo ya jeti. Utalala wapi?"

Nikamwambia sijui.

"Utalala kwetu. Kesho akirudi utamwambia wewe mwenyewe, kama ulivyoniambia mimi, usiruke kitu."

Nililala kwao, chumba kimoja na binti zake. Asubuhi boti za wavuvi ziliporudi nilishuka naye ufukweni, nikamngoja mume wake afunge kamba, nikaanza tena kutoka mwanzo.